Boma Chini ya Queen: Toronto na Gharama ya Njia ya Reli Isiyojengwa

Abiria anayeingia stesheni ya Queen mjini Toronto, Kanada, na kujikuta upande wa treni za kusini, ilhali safari yake ni ya kaskazini, hana haja ya kutoka nje na kuvuka barabara ya Yonge. Anateremka ngazi, anapita ujia mfupi wenye taa, kisha anapanda ngazi nyingine hadi upande wa pili. Ujia huo unakatiza katikati ya stesheni nyingine. Nyuma ya kuta zake kuna boma la zege lililojengwa pamoja na njia ya Yonge kwa ajili ya tramu zilizokusudiwa kupita chini ya barabara ya Queen. Hakuna reli iliyowahi kulazwa humo, na hakuna abiria aliyewahi kusubiri chombo chochote. Zaidi ya miaka 70 baadaye, kazi pekee ambayo boma hilo limewafanyia abiria ni kuwavusha kwa miguu.

Wapenzi wa reli huvutwa na giza na siri ya mahali pale. Mimi naliangalia kwa sababu nyingine. Boma la Queen linaonyesha jinsi mji unavyoweza kujiandaa kihandisi bila kujiandaa kifedha. Linaonyesha pia jambo ambalo wapangaji wengi hawaliandiki kwenye hesabu zao: njia isiyojengwa haikomi kugharimu. Gharama yake huhamia kwenye stesheni nyingine na kulipwa huko kila asubuhi.

Tuanze na kura. Tarehe 1 Januari 1946, wakazi wa Toronto waliulizwa kama wanaunga mkono mpango wa usafiri wa haraka chini ya ardhi. Mpango ulikuwa na njia mbili: treni chini ya Yonge, kutoka kusini kwenda kaskazini, na handaki la tramu chini ya Queen, kutoka mashariki kwenda magharibi. Tramu za mitaa kadhaa zingeshuka humo katikati ya mji, zikwepe msongamano, kisha zipande tena juu na kuendelea na njia zao za kawaida. Wananchi walikubali kwa wingi mkubwa. Lakini swali lenyewe lilikuwa na sharti ndani yake: serikali ya shirikisho ichangie sehemu moja ya tano ya gharama.

Sharti hilo ndilo lililoamua kila kitu. Mchango wa shirikisho ulitarajiwa kama sehemu ya juhudi za kuwapatia ajira askari waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Ukosefu mkubwa wa kazi uliohofiwa haukutokea, mazungumzo kati ya serikali ya shirikisho na majimbo yakavunjika mwaka huohuo wa 1946, na fedha hazikuja. Tume ya usafiri ya Toronto, TTC, ilikuwa na akiba nzuri, kwa sababu wakati wa vita petroli na matairi vilikuwa kwa mgawo na watu wengi walipanda tramu. Akiba hiyo pamoja na mikopo iliweza kubeba njia moja. Ikachaguliwa Yonge. Ujenzi ulianza Septemba 1949, na tarehe 30 Machi 1954 njia ikafunguliwa: kilomita 7.4, stesheni 12, kutoka Union hadi Eglinton.

Queen haikufutwa rasmi. Iliahirishwa, na wahandisi wakaamua kuitengenezea nafasi. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki nzito, na huwezi kuupima bila kujua njia ya Yonge ilichimbwaje.

Ilichimbwa kutoka juu. Kwanza mabomba ya maji, gesi na maji taka, pamoja na nyaya za umeme na simu, yalihamishwa au kuning'inizwa. Nguzo za chuma zikapigiliwa ardhini kwa mistari miwili, kila mstari upande wake wa barabara. Udongo wa juu ukatolewa, boriti za chuma zikalazwa kuvuka shimo, na mbao nene zikapangwa juu yake kuwa barabara ya muda. Tramu za Yonge ziliendelea kupita juu ya mbao hizo wakati wafanyakazi wakichimba chini yake. Kadiri kina kilivyoongezeka, mbao zilipachikwa kati ya nguzo na nguzo kuzuia udongo usiporomoke, na mihimili ya kupinga msukumo ikawekwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mwisho ikamwagwa sakafu ya zege, zikafuata kuta na paa, mabomba yakarudishwa, udongo ukafukiwa, barabara ikatengenezwa upya.

Shimo likiwa wazi namna hiyo, kuongeza ghorofa moja chini ni kazi inayobebeka. Unahitaji nguzo ndefu zaidi, mihimili ya ziada, pampu za maji, na sakafu nene ya kubeba treni zitakazopita juu. Mashine zipo, barabara imeshavurugwa, na hakuna treni ya kusimamisha.

Ukisubiri mpaka njia ya juu ianze kazi, hesabu inabadilika kabisa. Sasa unalazimika kushikilia handaki lenye treni hai ukiwa unachimba chini ya sakafu yake. Nguzo mpya zinazamishwa pembeni. Vijishimo vyembamba vinachimbwa chini ya handaki, kimoja baada ya kingine, na katika kila kimoja boriti inapitishwa. Jeki za haidroli zinawekwa kati ya boriti na nguzo, na uzito unahamishiwa juu yake kidogo kidogo, huku vipimo vya reli vikisomwa usiku na mchana. Reli ikishuka milimita chache kupita kiwango kilichokubaliwa, treni hupunguziwa mwendo au husimamishwa hadi jeki zirekebishwe. Kazi ya hatari hufanywa treni zikiwa zimelala, na usiku wa TTC una saa chache tu za kufanya kazi ukiondoa muda wa kuzima umeme, kuingiza vifaa na kuvitoa. Kosa la kawaida hapa ni maji: ukivuta maji ya ardhini kwa pampu upande mmoja kupita kiasi, udongo wa upande huo hukauka, hushikana na kushuka, na jengo la jirani hupasuka ukuta hata kama handaki lenyewe halijaguswa.

Kwa hiyo waliojenga boma la Queen walifikiri vizuri. Walilipa kidogo mapema ili warithi wao wasilipe nyingi baadaye.

Tatizo ni kwamba zege likishaganda linashikilia mawazo ya siku lilipomwagwa. Handaki la Queen lilikusudiwa tramu. Tramu za wakati ule zilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi, mabehewa ya treni za Yonge yana mita 3.1 hivi. Kwenye njia mbili zinazopishana, tofauti hiyo peke yake inakula zaidi ya mita moja, na hujagusa majukwaa. Tramu huingiwa kwa kupanda vidato kutoka chini. Treni huhitaji jukwaa linalolingana na sakafu ya behewa. Tramu hukata kona kali. Treni ndefu huhitaji kona pana. Mji ulipoanza baadaye kuzungumzia Queen kama njia kamili ya treni, boma lilikuwa tayari limepimwa kwa chombo kingine.

Wakati huohuo siasa ya mji ilibadilika. Mwaka 1954 manispaa 13 ziliunganishwa chini ya halmashauri kuu ya Metropolitan Toronto, ikiongozwa na Frederick Gardiner. Kuanzia hapo wakazi wa pembezoni walikuwa na sauti kwenye kila shilingi ya usafiri, na kwao Queen ilikuwa mbali, kusini karibu na ziwa. Barabara ya Bloor, kilomita mbili hivi kaskazini zaidi, ilikuwa na tramu zilizojaa kupita kiasi, na ilikuwa rahisi kuilisha kwa mabasi kutoka vitongoji vipya. TTC iliitetea Bloor na ikashinda. Njia ya Bloor-Danforth ilifunguliwa tarehe 26 Februari 1966. Queen iliendelea kutajwa kama itakayofuata, lakini kila fedha zilipopatikana zilikwenda kurefusha njia zilizopo: Bloor-Danforth mashariki na magharibi mwaka 1968, Yonge hadi Finch mwaka 1974, tawi la Spadina mwaka 1978. Kila uamuzi mmoja mmoja ulikuwa na watetezi na sababu nzuri. Maamuzi hayo yakijumlishwa, yalimaanisha kwamba abiria wapya wa kaskazini, mashariki na magharibi wote walimiminwa kuelekea Yonge, wala katikati ya mji hapakuongezwa njia ya pili ya kuwapokea wanaotoka mashariki.

Pa kuliona hilo ni stesheni ya Bloor-Yonge.

Pale ndipo njia mbili kubwa za Toronto zinapokutana. Tangu 1966, abiria wa mashariki anayekwenda ofisini katikati ya mji anashuka hapo, anapanda ngazi, na kujaribu kuingia treni ya Yonge ambayo imeshajaa ikitoka kaskazini. Majukwaa ya Yonge yalijengwa kwa stesheni ya kawaida ya 1954, kabla ya makutano kuwapo. Jukwaa la njia ya Bloor-Danforth ni moja, liko katikati, na linahudumia treni za pande zote mbili.

Fanya hesabu hii, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo. Treni zikifuatana kila sekunde 120, njia inapitisha treni 30 kwa saa. Stesheni moja tu ikiichelewesha kila treni kwa sekunde 20 kwa sababu milango haifungi, nafasi kati ya treni inakuwa sekunde 140, na njia nzima inashuka hadi treni 25 au 26 kwa saa. Treni ya Yonge ikibeba watu 1,000 hivi, umepoteza nafasi za watu zaidi ya 4,000 kila saa, na hukuondoa treni hata moja kwenye karakana. Mitambo mipya ya ishara iliyokamilika kwenye njia hiyo mwaka 2022 inaruhusu treni kukaribiana zaidi, na hilo ni jambo la maana, lakini haiwezi kumsaidia abiria aliyebanwa mlangoni. Ndiyo maana sasa kuna mradi wa kuipanua Bloor-Yonge: jukwaa la pili la njia ya Bloor-Danforth, kupanua majukwaa ya Yonge, ngazi na lifti mpya. Thamani yake inazidi dola bilioni 1.5 za Kanada, na kazi inafanyika chini ya majengo, ndani ya stesheni ambayo haiwezi kufungwa. Sehemu ya gharama hiyo ni ya njia ya Queen isiyojengwa. Haikuandikwa hivyo kwenye vitabu, ila ndivyo ilivyo.

Haimaanishi kwamba kuacha nafasi ya baadaye ni upotevu siku zote. Toronto yenyewe ina mfano mzuri ajabu. Daraja la Prince Edward linalovuka bonde la mto Don lilifunguliwa mwaka 1918, na msanifu wake Edmund Burke aliliwekea sitaha ya chini kwa ajili ya reli ambayo wakati huo haikuwapo kabisa. Mwaka 1966, miaka 48 baadaye, treni za Bloor-Danforth zilipita humo, na mji haukulazimika kujenga daraja jipya juu ya bonde hilo. Hata hivyo si sehemu yote iliyotumika. Kwenye bonde dogo la Rosedale, magharibi yake, nafasi ya reli ilikuwapo pia, lakini mpindo wa kuunganisha sehemu hizo mbili ulikuwa mkali mno kwa treni, hivyo likajengwa daraja jingine pembeni.

Tofauti kati ya daraja na boma la Queen inafundisha sana. Daraja liliacha vitu viwili tu: nguvu ya kubeba na nafasi wazi. Halikuamua urefu wa jukwaa, upana wa behewa, wala abiria aingilie wapi. Liliposhindwa, lilishindwa pale ambapo jiometri ilikuwa imeshaamuliwa, kwenye mpindo. Osgoode, stesheni iliyofunguliwa 1963 kwenye makutano ya barabara za Queen na University, ilipewa maandalizi ya namna hiyohiyo: hawakujenga boma, walihamisha mabomba na nyaya ili atakayechimba baadaye akute njia nyeupe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo aina bora ya maandalizi. Ni nafuu, na haimlazimishi mrithi atumie teknolojia ya babu yake.

Mbaya zaidi ya boma ni shimo. Mwaka 1994 serikali ya Ontario, jimbo lenye mji wa Toronto, ilianza kuchimba njia ya treni chini ya barabara ya Eglinton upande wa magharibi. Uchaguzi wa 1995 ukaleta serikali ya Mike Harris, ambayo ilisimamisha kazi, na kilichochimbwa kikafukiwa. Mwaka 2011 ukaanza ujenzi mwingine chini ya barabara hiyohiyo, kwa mradi mwingine na vipimo vingine. Njia ya Sheppard, iliyoanza wakati mmoja na ile ya Eglinton, ilinusurika na kufunguliwa 2002, ikiwa fupi: kilomita 5.5 na stesheni tano. Majukwaa yake yalijengwa kwa urefu wa treni za mabehewa sita lakini yakakamilishwa kwa mabehewa manne tu, sehemu iliyobaki ikazibwa kwa ukuta. Maandalizi hayo nayaunga mkono: chombo ni kilekile, jukwaa ni lilelile, na siku abiria wakiongezeka ukuta unaondolewa bila kugusa handaki.

Sasa turudi Queen, kwa sababu njia imefika hatimaye. Aprili 2019 serikali ya Ontario ilitangaza Ontario Line: kilomita 15.6 na stesheni 15, kutoka Exhibition magharibi, kupita chini ya Queen katikati ya mji, kupanda hadi Pape kwenye njia ya Bloor-Danforth, na kuendelea kaskazini mashariki hadi Don Valley. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola bilioni 10.9 na kukamilika 2027. Gharama inayotajwa leo imepita mara mbili ya hapo, ingawa hesabu mpya inaingiza pia uendeshaji na matengenezo ya miaka mingi, na tarehe ya kufunguliwa imesogezwa hadi miaka ya 2030.

Stesheni mpya ya Queen inajengwa pale pale penye boma, na boma halitumiki kama stesheni. Njia mpya inapita chini zaidi. Sababu si uzembe wa mtu. Mahandaki ya katikati ya mji yanachimbwa kwa mashine kubwa ya mviringo, na mashine hiyo inataka udongo au mwamba wa kutosha juu yake. Kanuni ya kawaida ya kuanzia ni unene usiopungua kipenyo cha handaki lenyewe, yaani mita sita au saba. Ikipita karibu mno na sakafu ya jengo lililopo, ardhi hushuka na jengo huifuata. Ongeza misingi ya majengo marefu na mabomba makubwa ya maji taka, na kina kinajiamulia chenyewe. Treni zenyewe ni za aina nyingine: zinajiendesha bila dereva, ni fupi kuliko za Yonge, na reli zake zina upana wa kimataifa wa milimita 1,435. Njia ya Yonge na tramu za Toronto hutumia milimita 1,495, upana uliorithiwa kutoka tramu za zamani. Milimita 60 zinatosha kuhakikisha kwamba hakuna behewa la upande mmoja litakalovuka kwenda upande wa pili, hata kwenda karakana.

Kwa hiyo Queen inachimbwa upya. Mei 2023 kipande cha barabara ya Queen kati ya Bay na Victoria kilifungwa kwa muda uliopangwa kuwa miaka minne na nusu, na tramu za namba 501 zikapelekwa mitaa mingine, ambako ilibidi reli za kupitishia zilazwe upya. Boma lilijengwa ili wajukuu wasisumbuke, na wajukuu wamefungiwa barabara.

Ningeishauri halmashauri yoyote inayojenga reli kuweka daftari moja la wazi la kila nafasi iliyoachwa kwa njia ya baadaye, na kila mstari wa daftari hilo uwe na vipimo: kimo cha sakafu kutoka usawa wa bahari, upana wa wazi kati ya kuta, mpindo mdogo kabisa unaoruhusiwa, uzito ambao sakafu ya juu imehesabiwa kubeba, wapi ukuta umemwagwa na nondo chache ili ubomolewe kirahisi. Mstari huo uonyeshe pia nani anapampu maji humo na kwa fedha za nani. Nafasi tupu chini ya stesheni hai haikai tupu. Idara moja inapitisha nyaya, nyingine inaweka lifti, ya tatu inaigeuza stoo, na kila moja ina haki kwa sababu hakuna aliyeandikwa kuwa mwenyewe. Baada ya miaka 30 mhandisi anafungua mlango akiwa na mchoro unaosema mita tisa, na kipimo kinampa mita saba.

Jambo la pili ni la wapiga kura na madiwani. Idhini yenye sharti la fedha za mtu wa tatu isihesabiwe kuwa idhini mpaka mtu huyo atie saini. Toronto ya 1946 ilihesabu ndiyo ya wananchi na kuahirisha hesabu ya shirikisho, na njia iliyopata kura zilezile na Yonge ikabaki kuwa ujia wa kuvukia.

Ontario Line itakapofunguliwa, watu watapiga picha stesheni mpya ya Queen, na wana haki ya kufurahi. Kipimo cha kweli kitakuwa Bloor-Yonge, saa mbili asubuhi, siku ya kazi: sekunde ngapi treni ya kusini inasimama pale na milango wazi. Zikipungua, abiria wa mashariki wameanza kuhamia njia mpya pale Pape. Zisipopungua, ya kuangaliwa kwanza ni ngazi, lifti na mwendo wa miguu ndani ya Pape, kwa sababu abiria atakayepoteza dakika tano kubadilisha njia hapo ataendelea kukaa kwenye treni aliyoizoea mpaka Yonge.